Dozi ya Mtoto Huanzia Kwenye Fomu

Mzazi anayeingia na mwanawe chumba cha eksirei mara nyingi huwa na ombi moja tu: mtoto afunikwe aproni ya risasi. Mtaalamu akiwa nayo humfunika, mzazi akashusha pumzi, picha ikapigwa. Ombi hilo ni la upendo na sina neno nalo. Ninachopinga ni ule utulivu unaofuata, kwa mzazi na kwa hospitali pia, kana kwamba kinga ya mtoto imekwisha kukamilika. Mambo mawili makubwa yanayoamua mtoto atapokea mionzi kiasi gani hayamo kwenye aproni. La kwanza lilishafanyika pale daktari alipoandika fomu ya kuomba kipimo. La pili linafanyika nyuma ya kioo, pale mtaalamu anapochagua mipangilio ya mashine.

Nianze na aproni yenyewe. Desturi ya kufunika sehemu za uzazi za mgonjwa ilishika miaka ya 1950, wakati wanasayansi walipohofu kwamba mionzi ingeharibu mbegu na kuzaa vizazi vyenye kasoro. Hofu hiyo ilitokana na majaribio ya wadudu na panya. Watoto waliozaliwa baadaye na manusura wa Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa kwa miongo mingi, na ongezeko la kasoro za kurithi halikuonekana. Aprili 2019, chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, kikatoa msimamo kwamba kuwafunika wagonjwa namna hiyo kusiwe jambo la kawaida tena. Januari 2021 baraza la nchi hiyo linaloshughulikia kinga ya mionzi, NCRP, likasema vivyo hivyo kuhusu eksirei za tumbo na nyonga.

Sababu zao ni za kiutendaji. Mionzi mingi inayofikia ovari au korodani wakati kifua kinapigwa picha hutoka ndani ya mwili wenyewe: inagonga tishu, inatawanyika, inasambaa pande zote kama mwanga wa taa ndani ya ukungu. Ngao iliyolala juu ya ngozi haiwezi kuizuia. Kwa msichana, ovari hazikai mahali pamoja kwa kila mtu, hivyo ngao mara nyingi hukosa kile inachokusudia kulinda. Ngao ikiteleza, hufunika kiungo kilekile ambacho daktari alitaka kukiona, na picha inarudiwa. Baya zaidi, mashine nyingi za leo zina kihisi kinachopima mionzi iliyopenya mwili na kuamua wakati wa kuzima. Risasi ikikaa mbele ya kihisi, mashine huona mionzi haijatosha, ikaongeza. Aproni ina mwenyewe wa haki chumbani humo, naye ni mama au baba anayemshika mtoto asitikisike. Huyo apewe kila mara. Na kama mama ni mjamzito, mtoto ashikwe na mtu mwingine.

Kwa nini basi tuhangaike na mtoto kuliko mtu mzima? Historia ina jibu ambalo kila mzazi wa Kiafrika atalielewa, kwa sababu linahusu mapunye. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi 1960, kabla dawa ya kumeza haijaenea, maelfu ya watoto nchini Israeli, wengi wao wa familia zilizohamia kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, walipigwa mionzi kichwani ili nywele zianguke na fangasi itibike. Mapunye yalipona. Baruch Modan na wenzake waliwafuatilia karibu watoto 11,000, na mwaka 1974 wakachapisha matokeo katika The Lancet: uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya thairoidi vilikuwa vimeongezeka waziwazi. Kilichowashtua wengi kilikuwa thairoidi. Tezi hiyo ipo shingoni, nje ya eneo lililolengwa, na dozi iliyoifikia ilikadiriwa kuwa chini ya miligrei 100. Kwa mtu mzima, kiasi hicho kisingeacha alama inayoonekana kirahisi.

Seli za mtoto zinagawanyika kwa kasi, na ana miaka 60 au 70 mbele yake ambamo kosa dogo ndani ya seli linaweza kukua likawa ugonjwa. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi, UNSCEAR, ilieleza katika ripoti yake ya 2013 kwamba kwa takriban robo ya aina za saratani, watoto wako hatarini zaidi kuliko watu wazima: saratani ya damu, ya thairoidi, ya ubongo, ya titi na ya ngozi. Si kwa zote. Kwa mapafu, watoto wanaonekana kuwa na nafuu. Tena uboho wa mtoto mchanga unaotengeneza damu umejaa karibu mifupa yote, pamoja na fuvu. CT Scan ya kichwa kwa mtoto wa mwaka mmoja inapitia sehemu kubwa zaidi ya kiwanda chake cha damu kuliko ilivyo kwa baba yake.

Ukubwa wa hatari hii sasa unajulikana vizuri. Utafiti wa Ulaya uitwao EPI-CT, uliochapishwa katika Nature Medicine mwaka 2023, ulikusanya kumbukumbu za watu 948,174 katika nchi 9 waliopigwa CT Scan kabla ya kutimiza miaka 22. Watafiti walikadiria kwamba kati ya watoto 10,000 wanaopigwa CT kwa dozi za siku hizi, mmoja au wawili watapata saratani ya damu au ya tezi za limfu kutokana na mionzi hiyo ndani ya miaka 12 inayofuata. Wapo wanaohoji: je, mtoto hakupelekwa CT kwa sababu tayari alikuwa na ugonjwa uliojificha? Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana watafiti huacha nje miaka ya mwanzo baada ya kipimo. Uhusiano kati ya dozi na ugonjwa hubaki. Kwa mzazi mmoja, mmoja au wawili kati ya 10,000 ni hatari ndogo sana, na CT yenye sababu ya kweli inaipita kwa manufaa mara nyingi. Kwa nchi inayopiga watoto maelfu kwa maelfu, ni watoto halisi.

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya katika neno mionzi. Picha moja ya eksirei ya kifua cha mtoto humpa kama milisiveti 0.02 au chini ya hapo, kiasi ambacho ardhi, hewa na anga humpa kila binadamu kwa siku chache. CT ya kichwa ni kama milisiveti 2, yaani eksirei 100 za kifua au zaidi. CT ya tumbo ni milisiveti 5 hadi 10, na hupanda zaidi ikiwa mashine imepangwa kwa mtu mzima. Altrasaundi na MRI hazitumii mionzi ya aina hii kabisa. Kwa hiyo mama anayekataa eksirei ya kifua kwa mtoto anayekohoa wiki ya tatu na kupungua uzito, kwa sababu amesikia mionzi ni mibaya, anamweka mwanawe katika hatari iliyo kubwa mara nyingi kuliko ile anayoikimbia. Kifua kikuu kwa mtoto mdogo ni kigumu kukithibitisha kwa makohozi, maana hawezi kuyatoa, na picha ya kifua humsaidia daktari kuamua aanze dawa leo au asubiri. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu katika ukanda wetu watoto wengi wanaumizwa na picha ambayo haikupigwa. Kila neno la kutahadharisha juu ya mionzi linalotoka kinywani mwa mtaalamu linapaswa kutoka na neno hili pembeni yake.

Sasa fomu. Chukua mfano wa mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe, au aliyesukumwa na bodaboda akagonga kichwa. Amelia, ametapika mara moja, sasa amekaa mapajani mwa bibi yake anakula biskuti. Familia ina hofu, daktari ni kijana na yuko peke yake zamu ya usiku, mashine ipo ghorofa ya chini. Anaandika maneno mawili, “CT kichwa”, na mengine yote yanafuata yenyewe.

Mwaka 2009 timu ya watafiti wa dharura za watoto, PECARN, ilichapisha katika The Lancet uchunguzi wa watoto 42,412 walioumia kichwa na kufikishwa katika hospitali 25 za Amerika Kaskazini wakiwa macho au karibu macho. Watoto 14,969, zaidi ya theluthi, walipigwa CT. Walioonekana kuwa na jeraha la ubongo lenye uzito, la kuhitaji upasuaji, mashine ya kupumulia, kulazwa siku mbili au zaidi, au lililoua, walikuwa 376. Hao ni pungufu ya asilimia moja ya wote. Kutokana na takwimu hizo walitengeneza maswali sita ambayo daktari yeyote anaweza kuyauliza bila mashine. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili: fahamu zake ziko sawa? Ana uvimbe kichwani mahali pengine mbali na paji la uso? Alizimia kwa sekunde tano au zaidi? Aliumia kwa kishindo kikubwa? Fuvu likiguswa linaonyesha kuvunjika? Na swali ninalolipenda kuliko yote: wazazi wanamwona yuko kama kawaida yake? Kwa mtoto mkubwa zaidi, kutapika na maumivu makali ya kichwa yanaingia, pamoja na dalili za kuvunjika sakafu ya fuvu, kama vile damu nyuma ya sikio au weusi kuzunguka macho.

Watafiti walipojaribu kanuni hiyo kwa kundi jipya la watoto, kati ya 1,176 wa chini ya miaka miwili ambao majibu yao yote yalikuwa mazuri, hakuna hata mmoja aliyekuwa na jeraha zito. Kati ya wakubwa 3,800, walikuwa wawili tu, na hakuna kati yao aliyehitaji upasuaji. Mtoto mwenye dalili moja isiyo kali anaweza kuangaliwa wodini kwa saa 4 hadi 6 tangu alipoumia, muuguzi akimpitia mara kwa mara, kabla ya kuamua. Ninajua kuangalia ni kazi. Kunahitaji kitanda, muuguzi na ujasiri wa kumwambia baba mwenye wasiwasi kwamba tunasubiri kwa sababu tunamjali mwanawe. Kupiga picha ni rahisi kuliko kusubiri, na hospitali hulipwa kwa picha, hailipwi kwa kusubiri. Hilo linaamua mengi kuliko tunavyopenda kukiri. Mtoto asiyeamka vizuri, au ambaye fahamu zinashuka, ni habari nyingine kabisa: huyo apelekwe CT mara moja na asicheleweshwe na mjadala wowote wa mionzi.

Fomu nzuri ina swali ndani yake. “Maumivu ya tumbo upande wa kulia siku mbili, homa, nafikiri kidole tumbo” inampa daktari wa radiolojia nafasi ya kusema tuanze na altrasaundi, na kwa mtoto mwembamba mara nyingi altrasaundi inatosha. “CT tumbo” haimpi nafasi hiyo. Vivyo hivyo kwa utumbo uliojisokomeza ndani yake, na kwa nyonga za mtoto mchanga. Daktari asiyeeleza anatafuta nini anamlazimisha mtaalamu kupiga kila kitu.

Twende nyuma ya kioo. Mwaka 2010 W. E. Muhogora wa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa chini ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki kuhusu CT za watoto wa chini ya miaka 15 katika vituo 128 vya nchi 28 za Afrika, Asia na Ulaya ya Mashariki. Katika vituo vya Afrika, watoto walikuwa wastani wa asilimia 20 ya CT zote. Ulaya ya Mashariki walikuwa asilimia 5. Vituo 11 katika nchi 6 vilikutwa vikiwapiga watoto kwa mipangilio ya watu wazima. Na kipimo kimojawapo cha dozi kilitofautiana hadi mara 55 kati ya vituo vya Afrika. Watoto wa aina moja, kipimo cha jina moja, tofauti mara 55. Takwimu hiyo haijawahi kuniacha. Haiwezi kuelezwa kwa ugonjwa wala kwa ubora wa picha, maana picha zilionekana kutosha kwa uchunguzi. Ni watu na mipangilio.

Fizikia yake ni nyepesi. Kila sentimita 4 hivi za nyama hupunguza mionzi ya CT kwa nusu. Tumbo la mtoto lenye unene wa sentimita 14 halihitaji mionzi inayohitajika kupenya sentimita 26. Linahitaji kama sehemu moja ya nane. Mipangilio ya mtu mzima ikiachwa ilivyo, saba zilizobaki ni za bure kabisa, na picha haitakuwa bora kwa namna yoyote inayomsaidia daktari. Kushusha volteji kutoka kilovolti 120 hadi 80 peke yake hupunguza dozi zaidi ya nusu. Kisha kuna suala la kupita mara ngapi. Kwa watu wazima ni kawaida kupiga bila dawa ya kung’arisha, kupiga na dawa, kisha kupiga tena baada ya dakika kadhaa. Kwa mtoto, mara moja hutosha karibu kila wakati, na kila mpito wa ziada ni dozi nzima ya ziada. Kampeni ya Image Gently iliyoanza Marekani mwaka 2008, na AFROSAFE ya wanaradiolojia wa Afrika iliyofuata mwaka 2015, zimekuwa zikilisema hili kwa subira. Bado mashine nyingi hufika zikiwa na programu za kampuni, mtaalamu hufundishwa siku chache, fundi anaondoka, na programu ya watoto haifunguliwi tena.

Eksirei ya kawaida nayo ina mtego wake. Enzi za filamu, ukizidisha mionzi filamu ilikuwa nyeusi, kosa likaonekana na kila mtu. Mashine ya kidijitali hulisawazisha kosa hilo: picha iliyozidishwa hutoka nzuri, hata safi zaidi, na mtaalamu akajifunza pole pole kuongeza. Kinachoonyesha ukweli ni namba ndogo pembeni mwa picha, ile faharisi ya mionzi iliyopokelewa, ambayo wengi hawaitazami. Kuna pia picha za watoto wachanga zilizoandikwa “kifua” huku zikionyesha taya, tumbo, nyonga na mapaja. Mwaka 2011 gazeti la The New York Times lilifichua jambo hilohilo katika hospitali ya Brooklyn, kwa watoto njiti, kwa hiyo tusidhani ni ugonjwa wa nchi maskini. Kubana uwanja wa mionzi ubaki kwenye kifua hakugharimu hata shilingi.

Wanaonihangaisha zaidi ni watoto wanaorudi. Mtoto mmoja aliyepigwa CT mara moja ana hatari ndogo. Hatari hujumlishwa kwa wale wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi, waliowekewa mpira wa kutoa maji kichwani, ambao kila homa na kila kutapika kunaleta swali kama mpira umeziba. Katika utoto wao wanaweza kukusanya CT kumi na zaidi. Kwao njia mbadala zipo na hazitumiki vya kutosha. Utosi ukiwa bado wazi, altrasaundi hupita hapo na kuonyesha vyumba vya maji ya ubongo vizuri. Ukishafunga, MRI ya haraka ya dakika chache inatosha kwa swali la mpira pale MRI ilipo. Na ikibidi CT, swali ni moja tu, vyumba vimepanuka au la, hivyo dozi inaweza kushushwa sana. Picha yenye chengachenga inajibu. Wengi wa watoto hawa hupigwa tena kwa sababu tu picha ya mwezi uliopita imebaki hospitali nyingine, au ipo kwenye simu ya shangazi, imepigwa kwa kamera kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Mzazi wa mtoto kama huyu aombe diski ya picha kila mara, aitunze pamoja na kadi ya kliniki, na kila safari amwonyeshe daktari kabla hajaandika chochote.

Wazazi wengine wanaweza kuuliza maswali mawili bila kumkosea daktari adabu: picha hii itabadilisha nini katika matibabu ya mwanangu, na je, altrasaundi haiwezi kujibu? Daktari anayejua anachotafuta atajibu kwa sentensi moja.

Lakini mzigo mkubwa si wa mzazi. Tangu 2021, kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, Tanzania imesambaza CT Scan katika hospitali za rufaa za mikoa, na watoto ambao zamani wangesafirishwa hadi hospitali za Muhimbili au Bugando sasa wanahudumiwa karibu na kwao. Nafurahia hilo bila masharti. Linamaanisha pia kwamba tabia zitakazojengeka miaka hii ndizo zitakazodumu. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, zina uwezo wa kisheria wa kukagua na kutoa leseni. Ukaguzi unaoishia kwenye kuta, mashine na vibeji vya kupimia mionzi vya wafanyakazi unamlinda mfanyakazi zaidi kuliko mgonjwa.

Kila CT ya kisasa, mwisho wa kipimo, hutoa ukurasa wa dozi. Kwa CT za kiwiliwili, miongozo ya kimataifa inagawa watoto kwa uzito (kwa kichwa ni kwa umri): chini ya kilo 5, kisha 5 hadi 15, 15 hadi 30, 30 hadi 50, na 50 hadi 80. Hospitali ikikusanya kurasa za watoto 20 kwa kila kundi na kila kipimo, itajua dozi yake ya katikati iko wapi ikilinganishwa na wenzake. Kwa CT ya kichwa katika hospitali ya mkoa, idadi hiyo inaweza kupatikana. Tume na Mamlaka zikiziomba kurasa hizo wakati wa kuhuisha leseni, na kutangaza kila mwaka viwango vya kitaifa bila kutaja majina, hospitali iliyo juu mara kumi kuliko jirani yake itajijua yenyewe, na mtu atafungua ile programu ya watoto.